Damu ya Baba na Mama

Mjukuu wangu Mwanasha, assalamu alaikum. Huku Gazi tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeniandikia kwamba seli mundu, ule ugonjwa wa damu, hutokana na herufi moja ya DNA, A iliyogeuka T, ukauliza kama kwetu ilikuwapo. Ilikuwapo. Miaka ya hamsini mdogo wangu Bakari aliumwa na mifupa mara kwa mara, na baba akamlaumu mama. "Damu yenu ni mbaya," alimwambia, akamrudisha kwao Kikoneni pamoja nami, Bakari akabaki naye.

Bakari alipozidiwa, baba alimpeleka hospitali ya Msambweni, na daktari akapima damu ya baba pia. "Mtoto huugua hivi akirithi kasoro hii ya damu kwa wazazi wote wawili," alimwambia. "Nawe unayo."

Baba alitufuata. Alipofika uani alishindwa hata kubisha hodi. Mama alitoka akamwambia, "Ingia ule."

Tulirudi nyumbani. Lakini mpaka anakufa, kila Bakari alipoumwa, baba hakuweza kumtazama mama usoni.

Nyanya yako,
Mwanakombo