Tembe Moja, Mikono Miwili

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimetolewa hospitali, niko nyumbani Mountain View. Moyo umelegea, daktari kasema. Unafanya kazi kama karani Ijumaa alasiri. Mimi mwenyewe ni karani, kwa hivyo tunaelewana.

Dawa: ya presha, ya kukojoa, na tembe ndogo nyeupe ya kuupa moyo nguvu. Hiyo nyeupe ni moja tu kwa siku. Nesi Oloo wa kliniki ya moyo kule mjini amenifundisha kushika mshipa wa mkono kabla ya kuimeza. Ukipiga chini ya sitini kwa dakika, usimeze, nipigie simu. Nikamwuliza, na ukisimama kabisa? Hakucheka.

Binti yetu Wanjugu kaja kutoka Kilimani na mabegi mawili. Atakaa mpaka nipone. Mke wangu Waithera kamwambia karibu — kwa sauti ya kumkaribishia askari wa kanjo aliyekuja kukagua leseni.

Jumatano, 4 Juni
Vita! Chanzo: chumvi, ambayo daktari kanikataza. Waithera aliweka kidogo kwa mukimo wa viazi na mahindi, ya kuonja tu. Wanjugu akaninyang'anya sahani, akamwaga yote kwa taka.
"Unataka kumzika?"
"Nimempikia tangu wewe hujui kujipangusa!"

Sasa jikoni kuna sufuria mbili na moto wa kila mtu. Mimi nakula huku kidogo, kule kidogo, kama mwanasiasa kwenye matanga.

Shida ni jina. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Tangu azaliwe namwita Maitu — mama. Sasa mwanamume ataanzaje kumkatalia mama yake? Waithera husema alijizalia mama mkwe. Zamani tulikuwa tunacheka.

Alhamisi, 5 Juni
Waithera alinipa dawa alfajiri kabla ya kwenda kufundisha Uthiru. Akasimama pale. Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Kama mtoto wa darasa la pili!

Baadaye Maitu naye na glasi ya maji. Amenunua dawa zilezile Kilimani, eti za mama yake ni feki za kemisti ya uchochoroni. Nikamwambia nishameza.
"Amekupa yeye? Hiyo ni chaki, Dadi. Kesho akikupa, tema."

Akanyoosha kiganja. Uso wa marehemu mama yangu, kabisa, akiwa na kijiko cha mafuta ya mbarika. Nikameza. Nyumba ikatulia hadi jioni.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemeza za Waithera. Nimemeza za Maitu. Maitu kauliza, ulitema? Nikasema nilitema. Waithera hajui kitu. Kila mmoja anafurahi peke yake. Bora wagombane kwa chumvi kuliko kwa hizi.

Jumapili, 8 Juni
Sina hamu ya kula. Kichefuchefu tangu jana. Waithera anasema ni vyakula vya kuchemsha vya huyo msichana. Maitu anasema ni chaki ya huyo mama. "Huyo"! Mtu na mwanawe.

Jirani yetu Kibe alikuja kuniona baada ya kanisa. Akaletewa vikombe viwili vya chai, kutoka mikono miwili. Akanywa vyote. Mwoga mwenzangu.

Mshipa sijaupima. Nikipima mbele ya mmoja, mwingine atauliza mbona hakuitwa.

Jumatatu, 9 Juni
Taa ya sebuleni ina duara la manjano. Ukuta pia — na ni mweupe, tuliupaka Desemba. Nikauliza kwa mzaha, nani kabadilisha rangi hapa?
Ningenyamaza!
"Ni ini! Umemharibia ini na dawa zako za bei ya sukuma!"
"Toka kwangu, Wanjugu."
"Kwa Dadi. Si kwako."

Waithera alirusha mwiko. Ulinipita mimi.

Jioni nilijifungia chooni nikaushika mshipa. Arobaini na nne, tena unaruka ruka. Nilitoa simu nimpigie Oloo. Nikairudisha mfukoni. Angeuliza nimemeza nini, na nani kanipa.

Jumanne, 10 Juni
Nimemeza zote tena. Nimeanguka mlangoni mwa jikoni.

Jumatano, 11 Juni
Wodi, mjini. Nyaya kifuani. Daftari na kalamu viko nami.

Oloo kapanda kuniona. Anasema mchoro wa moyo wangu ni wa mtu aliyezidisha ile tembe nyeupe, ndiyo huleta kichefuchefu na kuona manjano. Damu wametoa, majibu yanakuja, dawa zote zimesimamishwa. Kisha akavuta kiti.
"Mzee Mungai, nani anakupa dawa?"
"Mke wangu."
"Na nani mwingine?"
Nikamwambia mto unaniumiza. Akauweka sawa. Akauliza tena. Nikauliza ugali wa hapa ukoje.
"Mzee, ukirudi nyumbani hivi, sitakuona tena."

Nikajifanya nimelala.

Lakini sauti za koridoni hazilali. Maitu anamwambia mtu kwa simu kwamba mama yake ananiwekea sumu, kwamba kesho anaenda polisi kuandikisha. Waithera anamwambia askari wa mlangoni, huyu asiingie kwa mume wangu. Kina mama waliokuja kuona wagonjwa wao wamesimama na vikapu, wanaangalia sinema ya bure.

Oloo katoka. Karudi nao wote wawili. Kavuta pazia, kasimama miguuni pangu, kauliza polepole, bila ukali: jana asubuhi, nani alimpa tembe nyeupe?

"Mimi," Waithera kasema.
"Mimi," Maitu kasema.

Hawakuwa wametazamana tangu Jumatatu. Sasa wanatazamana. Maitu kashusha simu. Kasema, lakini aliniambia alitema.

Wote watatu wananigeukia. Nimeshika kalamu, naandika, nisiinue uso. Waithera kaniita. Si Baba Wanjugu, vile huniita siku zote. Kaniita Mungai. Kaita tena, karibu zaidi, mkono wake uko juu ya karatasi na mimi bado naandi