Ndala za Mama Mlangoni mwa Kanisa

Lushoto, Jumamosi usiku

Baridi gani hii! Kwetu Kibiti saa hizi watu wamelala madirisha wazi, na mimi naandika nimejifunika blanketi mbili.

Tangu amalize eda ya marehemu Baba, Mama hasemi ila salamu. Ndiyo maana nikamleta huku milimani. Maporomoko ya maji aliyatazama kimya. Boma la Wajerumani, kimya vilevile. Nikaanza kukata tamaa, nikajiona mjinga wa...

Basi, tukafika kwenye kanisa la zamani. Mama akavua ndala mlangoni kama tuko msikitini, nami kwa mazoea nikavua. Lo, sakafu ile ya mawe!

"Bibi, hapa tunaingia na viatu," akasema mzee anayelinda kanisa.

"Ingieni navyo nyinyi," Mama akamjibu. "Mimi hizi nimekanyagia mavi ya ng'ombe."

Yule mzee akatazama buti zake zilizojaa tope, akainama, akaanza kufungua kamba. Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kile sijakisikia tangu Baba yuko hai.

Sasa amelala na soksi zangu. Miguu inaniganda, na sizidai ng'o.