Nero Aliyeoshwa kwa Limau

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na pole kwa mafua uliyoyataja. Natumaini yamekwisha. Huku sote tu wazima. Baba hajambo, isipokuwa macho, ambayo sasa yamemlazimu kufunga kibanda chake cha kutengeneza saa.

Lakini usimhurumie. Kila asubuhi anakaa dirishani na trei zake za sarafu za Roma, nami namtazama mdomo wazi kama nilivyomtazama utotoni. Haoni vizuri, ila anapitisha kidole ukingoni, anaipima sarafu kwa kiganja, kisha anataja jina la mfalme aliyechorwa humo. Juzi mume wangu alidhani anabahatisha tu, akampa kifungo cha koti. Baba alikipapasa, akasema mfalme huyo anamfahamu sana, alitawala wiki mbili akapotelea kwa dobi. Shemeji yako bado ana haya.

Na subira yake ni ile ile. Sarafu yenye udongo huilaza katika maji safi miezi mitatu, kisha huukwangua udongo kwa mwiba, chembe kwa chembe, asiiguse ngozi ya kijani ambayo shaba huivaa kwa karne nyingi. Husema ngozi hiyo ndiyo umri wa sarafu, na ukiiondoa hairudi.

Wiki jana aliniita akaniambia trei zote kumi na mbili ni zangu, kwa kuwa nina mkono mtulivu. Kuhusu wewe alisema tu kwamba ulikuwa na haraka mno.

Kaka, unajua anachokikumbuka. Ni yule mfalme Nero wa sarafu ya shaba, mwenye shingo nene, aliyekutwa ndani ya trei aking'aa kama kijiko kipya. Ni wewe peke yako uliyekuwa umekabidhiwa ufunguo wa trei, basi akakunyang'anya, nawe hukuzigusa trei tena. Ni mimi niliyemwosha, kwa limau na majivu. Nilikuwa na miaka minane, nikautoa ufunguo mfukoni mwa shati lako, nikitaka Baba akirudi kutoka kazini amkute Nero ananawiri. Nilipomwona Baba amekaa chini bila hata kuvua viatu, niliogopa kukiri, nikakuachia lawama miaka thelathini na moja. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika. Nisamehe.

Jana nilimwambia. Akaomba nimletee Nero. Kumbe ameanza kufifia, ana weusi kidogo nyuma ya sikio. Baba alisema baada ya miaka mia tatu hivi Nero atakuwa sawa, lakini yeye mwenyewe hana muda kama huo wa kukungoja wewe. Akauvua ufunguo shingoni, akaniagiza niutie ndani ya bahasha hii.

Trei zimefungwa, na amekataa zivunjwe kufuli. Wasalimu wifi na watoto, uje nao.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye mikono ya limau