Jagi Moja la Maji

Jumatatu, Novemba, saa tisa alasiri. Jua la Bariadi leo linapiga kama limetumwa. Tangu asubuhi mawingu yanajikusanya upande wa ziwani, yanatutishia kidogo, halafu yanakwenda zake. Nimekaa kitandani kwangu Somanda, naandika kwenye simu kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umevimba.

Umevimba kwa sababu nilimpiga kaka yangu mdomoni. Kaka yangu mkubwa, Masanja, aliyenibeba mgongoni kuvuka mto wakati naanza darasa la kwanza. Nilimpiga ngumi, na jino lake limeniachia kidonda kwenye kifundo cha kidole. Sijutii. Naliandika hilo mapema ili wanaotaka kunihubiria waishie hapa.

Ninachojutia ni kingine.

Nafanya kazi kwenye maabara ya mbegu za pamba. Mbegu inatufikia ikiwa na manyoya meupe, nasi tunayaondoa kwa tindikali kali kabla ya kupima uotaji. Manyoya yanaungua, mbegu inabaki nyeusi, uchi kabisa, na mbegu ya hivyo inawahi kuota. Masanja aliyaona haya msimu uliopita alipopita kunisalimia kazini, na tangu siku hiyo sikupumua. Akipiga simu kutoka kijijini kwetu Nkoma hata hali haniulizi. "Mdogo wangu, ile dawa yako vipi?"

Nilimkatalia mara tatu. Mara ya nne nikachoka. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema, ila wanaosema hivyo hawakuambii wembe utamkata nani.

Nilimpa mimi.

Tindikali niliitia kwenye dumu dogo la mafuta ya kula, kosa ambalo nimewahi kumgombeza mtu kwalo, nikaandika SUMU kwa kalamu ya wino mzito. Nikampa na glovu jozi moja. Nikamhutubia kama ninavyowahutubia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo: hii inakula ngozi, inamaliza jicho, bila miwani ya kinga usiiguse. Usiimwagie maji kidogo hata siku moja, itachemka na kukurukia. Mbegu ndizo unazitumbukiza kwenye maji mengi. Mengi, Masanja, pipa zima. Akacheka. "Nimeelewa, kwani mimi mtoto?" Tukakubaliana anisubiri Jumamosi nije na miwani.

Hakusubiri.

Bodaboda iliponishusha Jumamosi pale kwenye ua wa minyaa, harufu ilinifikia kabla sijamwona mtu. Masanja alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, anakoroga mbegu kwa fimbo ya kuchungia. Glovu amevaa yeye. Pembeni yake mkewe, wifi yangu Kabula, mikono mitupu, macho wazi, jagi mkononi. Nyuma yake ndoo mbili za maji alizozifuata lamboni kabla hakujapambazuka, za kupikia na za watoto kuoga.

Nilimsikia Masanja akimwambia, "Weka kidogo tu, usimalize maji."

Nilipiga kelele. Kabula akageuza uso kuangalia nani anaita, na mkono ulikuwa umeshamwaga.

Beseni liliruka. Siwezi kulieleza vingine. Lilinguruma, likatoa moshi, likamtapikia usoni, shingoni, kifuani. Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kwa binadamu, nimeisikia kwa ng'ombe anayechinjwa vibaya.

Na kaka yangu akasema, "Mbegu! Umemwaga mbegu zangu!" Akainua mkono.

Hapo ndipo nilipompiga. Alianguka kando ya mbegu zake.

Nilimvuta Kabula kwa nywele, nikammwagia ndoo ya kwanza kichwani. Mama akatoka ndani mbio na kibuyu cha samli ampake, kwa kuwa kwetu kila kilichoungua kinapakwa samli. Samli inaifungia tindikali ndani ya ngozi. Nikamsukuma mama yangu mzazi mpaka akakaa chini. Akalia, "Mayu wane, mama yangu! Umerukwa na akili, maji ya watoto unamwaga!" Nikamwaga ndoo ya pili.

Gauni lilikuwa limelowa sumu, linaendelea kumla. Nikalichana kutoka shingoni mpaka chini, mbele ya majirani, wanaume wakiwamo. Masanja akanidaka kwa nyuma, eti namvua mke wake nguo hadharani. Nilimng'ata mkono. Nilimng'ata mpaka nikasikia ladha ya damu, akaniachia.

Maji yalikuwa yameisha. Kilichobaki ni birika la kunyweshea ndama, maji ya rangi ya chai yenye mate na majani. Nikamlaza Kabula humo, nikamkalia mapaja, nikamfungua kope kwa vidole na kumchotea maji machoni. Alinikwaruza shingo. Alinipiga. Alinitukana kwa Kisukuma matusi ambayo sikujua anayajua, mke mpole wa watu yule. Dakika ishirini, ndivyo tunavyofundisha. Nilihesabu kwa sauti, sitini, halafu upya, sitini, halafu upya. Kila nikipunguza nguvu alinyanyuka, na kila akinyanyuka nilimrudisha kwa nguvu zaidi. Ndama walisimama wanatutazama, wana kiu.

Hospitalini daktari aliuliza ni kitu gani. Masanja, mdomo umemvimba, akajibu ni maji ya betri ya sola. Daktari akanitazama, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na harufu ya birika.

Nilinyamaza. Nilikuwa nafikiria kazi yangu. Nilinyamaza Jumamosi, na Jumapili yote nikanyamaza.

Leo asubuhi nimemkuta Kabula na bandeji machoni. Jicho la kulia linaona mwanga. La kushoto hawajui, mpaka walifungue kesho. Nimekaa kitandani pake nikaanza kumweleza, sijui nilikuwa najitetea kwa nani, kwamba nilimwambia Masanja maji mengi, nilisema pipa zima. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatafuta mkono wangu, akaushika.

"Wifi, uliambiwa na nani kwamba sisi tuna maji mengi?"

Hakusema kwa ukali. Bora angenikwaruza tena.

Maabara kwetu bomba linatoka muda wote. Nimezaliwa Nkoma, nimebeba ndoo kichwani mpaka utosi ukaota sugu, na miaka sita tu ya bomba imenisahaulisha. Nilimpa mtu tindikali na sharti ambalo nyumba yake haiwezi kulitimiza. Masanja mjinga, mchoyo, na mkono aliouinua sitausamehe leo. Lakini jagi lile moja halikutokana na ujinga. Mwanamke aliyetembea gizani kufuata ndoo mbili hamwagi pipa.

Nimetoka hapo moja kwa moja mpaka kwa daktari. Nimemwambia haikuwa maji ya betri, ilikuwa tindikali kali ya maabara, na aliyeitoa ni mimi. Ameandika, hakuinua uso. "Ungesema Jumamosi." Basi.

Nje nimempita Masanja kwenye benchi, ameinamia mikono yake, haina hata doa la tindikali, alama ya meno yangu tu. Amenisalimia, "Mwangaluka." Sikuitika. Labda siku nyingine nitaitika.

Kesho saa mbili naingia kwa mkuu wa maabara na neno lile lile nililomwambia daktari. Akinifukuza, anifukuze. Saa nne wanafungua bandeji, na nitakuwa nimesimama karibu kabisa na kitanda. Kabula, likifunguka hilo jicho, wa kwanza utakayemwona niwe mimi. Unitukane vizuri, wifi yangu, kama ulivyonitukana birikani.