Umejuaje, Mwalimu?

Jumatatu, 7 Oktoba
Maabara inanuka maganda ya korosho. Kidato cha tatu wamechagua swali lao wenyewe: kwa nini mama zao hupaka majivu mikononi kabla ya kubangua? Sijibu ng'o. Sheria yangu ni moja: anayesema kitu aulizwe, "Umejuaje?" Hata mimi. Kuuliza si kosa, nimewaambia. Somoe, binti aliyetoka Nanyamba, ameniuliza leo mpaka nikachoka. Mbishi huyo! Ndivyo ninavyotaka.

Jumatano, 9 Oktoba
Maganda yamekamuliwa. Karatasi ya litimasi imegeuka nyekundu kwa asidi yake, majivu yameirudisha bluu. Kelele za shangwe. Somoe alikataa kupaka majivu ili alinganishe na wenzake. Vidole vyeusi, ngozi inabanduka. Nimemfokea. Moyoni nimejivuna.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nilikwenda sokoni Chikongola kununua siki. Nimerudi, damu barazani.

Korosho za shamba la shule zimeibwa. Chitanda, mwalimu wa nidhamu, alikagua mikono gwarideni, akaviona vidole vya Somoe. Akasema mwizi ndiye huyu. Somoe akamuuliza, "Umejuaje, mwalimu?" Mbele ya shule nzima. Chitanda akaona ametukanwa. Alichapa hadi fimbo ikakatika, akachukua mpini wa jembe. Mkono wa kulia umevunjika. Wanasema mlio ulisikika.

Nimempiga Chitanda ngumi ya mdomo. Nikaongeza nyingine. Jino limeanguka. Wenzangu wamenivuta kwa nguvu. Sijutii hata chembe.

Ijumaa, 11 Oktoba
Baba yake Somoe amekuja na panga. Hakusalimia mtu. "Nionesheni huyo ntu!" Akaupasua mlango wa ofisi. Chitanda kajifungia stoo, analia. Nilimkumbatia mzee kwa nyuma, panga likanichana bega. Nilitamani kumwachia. Kweli kabisa, nilitamani.

Polisi wamemchukua yeye. Chitanda amepewa ruhusa akapumzike. Apumzike! Mkuu wa shule kaniambia mimi ndiye niliyemfundisha mtoto utovu wa adabu.

Jioni mwizi kapatikana. Mlinzi wa shamba.

Jumatatu, 28 Oktoba
Somoe amerudi, mkono kwenye plasta. Baba yake bado yuko mahabusu. Nimeuliza nani ana swali. Darasa zima linatazama madawati.

Kisha Somoe akanyoosha mkono wa kushoto.

"Mwalimu, ulituambia kuuliza si kosa. Ulijuaje?"

Nikasema sikujua. Akainama, akaliandika jibu langu polepole, kwa mkono wa kushoto.