Walinitaka Jumamosi, Nikawapa Jumapili

Jumatatu jioni, kijijini Gesima. Mchana mvua ya mawe imeyachapa majani ya chai ya watu, sasa kumetulia na baridi imeingia hadi kwenye kucha. Nimekasirika tangu asubuhi na sina haja ya kujifanya nimepoa.

Mimi ni mhandisi wa programu za kompyuta. Tangu nitoke chuo nimefanya intavyu nyingi kuliko harusi nilizohudhuria. Kwa sasa natunza mfumo wa mauzo wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, duka la Mzee Jayanti. Si kazi ya kila siku. Naipenda, lakini ni ndogo, na mimi nataka kubwa.

Kampuni moja ya Nairobi ilinipitisha raundi ya kwanza, ikanipitisha ya pili. Ile ya mwisho wakaipanga Jumamosi asubuhi, kwa video.

Jumamosi kwetu ni Sabato.

Nilimpigia simu dada anayepanga intavyu zao nikamwomba siku nyingine. Akauliza, "Lakini wewe, hii kazi unaitaka kweli?"

Ukurasa huu ni wangu, kwa hivyo niseme ukweli. Mimi si mtu wa kanisa sana. Mahubiri yakifika katikati nasinzia, Mama ananifinya. Yule dada angeniomba vizuri, pengine ningejifungia chumbani nikaifanya hiyo intavyu kimyakimya. Lakini lile swali lilinichoma. Yaani nikibakiza siku moja tu ambayo haiuzwi, basi mimi ni mvivu?

Nikamwambia kazi naitaka, na Jumamosi sitaweza. Akanipa Ijumaa, kwa shingo upande.

Nilidhani Mama atanisifu. Mama ni shemasi, na sijawahi kumwona akichuma hata jani moja la chai siku ya Sabato. Nilipomweleza, aliweka kikapu chini, akaniambia polepole kwa Kikisii, "Ungefanya tu, mwanangu. Mungu anaona vile umehangaika."



Ijumaa nilifanyia intavyu dukani, kwa sababu huku nyumbani mvua ikianza mtandao unapotea. Mzee Jayanti alinipa ofisi yake ya nyuma, kisha nikamsikia akiwafokea vijana wake huko mbele: "Hakuna kukata mabati mpaka huyu dada amalize!"

Walikuwa wawili. Mhandisi kijana ndiye aliyeniuliza maswali ya kazi, na maswali yake yalikuwa mazuri. Mtandao wa mteja ukikatika, akabonyeza kitufe mara ya pili, utafanyaje ili oda isiingie mara mbili? Hilo nililijibu nikiwa natabasamu. Lingine lilinikwamisha, nikakiri, tukalitatua pamoja. Nilikuwa nimeanza kufurahia.

Kisha mkubwa wake, ambaye muda wote alikuwa kimya, akawasha kamera.

"Hili jambo lako la Jumamosi," akasema. "Mfumo umeanguka, wateja wanapiga kelele, na wewe uko kanisani. Sisi tufanye nini?"

"Nipangieni Jumapili zote," nikamjibu. "Na Krismasi, na Pasaka. Kila Jumapili kuna mmoja wenu atakaa na watoto wake kwa sababu mimi niko kazini."

Yule kijana alicheka, akajizuia. Mkubwa wake hakucheka.

"Tunatafuta watu wasio na masharti."

"Kila mtu ana masharti yake, bwana. Mimi nimeyasema mapema."

Leo asubuhi jibu limefika. Wamenisifu kwanza, halafu wakasema wamepata mtu anayeendana zaidi na utamaduni wao.

Nimelia. Nimeenda nyuma ya jikoni nikalia, nikanawa uso, nikarudi ndani.

Mama alikuwa ananingoja mezani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Kwa hivyo umekosa kazi kwa ajili ya Sabato, na Sabato yenyewe unailala?"

"Sio Sabato, Mama. Ni vile walivyoniuliza."

Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Wewe ni nyanya yako kabisa," akasema huku akijifuta macho. "Yule mama hakuwahi kuombwa kitu vibaya akakitoa."

Sijui kama alinisifu. Nimeamua alinisifu.

Kwa hivyo alasiri nimefungua wasifu wangu wa kazi, ule ninaowatumia waajiri, nikaurekebisha. Chini ya jina langu, juu ya shahada, juu ya kila mfumo niliowahi kuujenga, nimeandika: *Jumamosi sifanyi kazi. Jumapili niiteni saa yoyote.* Mtu yeyote mwenye akili angeniambia niiweke mwisho, au nisiiweke kabisa. Nimeiacha hapohapo juu, kwa herufi nzito.

Nimeshautuma kwa kampuni nyingine, na kesho nitautuma kwa zaidi.

Asiyeupenda asinipigie.

Na atakayenipigia, tutaanza tukiwa tunajuana.