Ndege Niliyoikataa

Kaka yangu Gwamaka,

Wiki iliyopita niliiona tena ile ndege ya mistari ya bluu, hapa Dar es Salaam. Watoto wa watu wengine walikuwa wakishuka, mdogo kabisa amebebwa akiwa usingizini. Miaka mitatu inaruka salama. Kila nikiisikia ikipaa najiuliza kama ungekuwa hai leo, lau ningeikubali.

Unakumbuka tulivyohangaika. Wewe fundi wa ndege, mimi rubani wa kuajiriwa, tukitafuta ndege kuukuu ya bei tunayoimudu, tuwe tunakwenda nyumbani Kinyala bila kushinda barabarani. Ya viti viwili ilikuwa rahisi kuliko zote, ukasema familia haisafirishwi kwa mafungu. Wewe ndiye uliyenikumbusha kwamba hata ya viti vinne, ukiijaza mafuta, hubeba watu wazima watatu tu, na mama hasafiri bila mkungu wa ndizi. Ukampima uzito kwa mizani ya kununulia chai, ananing'inia kwenye kamba huku anatukanya tusicheke.

Ndipo tukaipata ile ya bluu. Injini ilikuwa na nguvu ya kupaa kutoka uwanja wa Songwe, kule juu Mbeya kwenye hewa nyepesi. Lakini ulipofungua kifuniko chini ya bawa, niliona unga mweupe wa kutu kwenye mhimili. Ukasema ni ya juu juu, utaikwangua. Nikakataa.

"Mimi ndiye fundi, Atu," ulisema.

"Na mimi ndiye nitakayewabeba wanao."

Ukafunga kifuniko, na hatukuzungumza tena.

Siku chache baadaye ukaenda kwa gari kumchukua mama aje atibiwe macho, safari tuliyopanga kwenda kwa ndege. Ukalala Mbeya, asubuhi ukaendelea. Kati ya Uyole na Tukuyu ukungu ulikuwa umefunika barabara, na mbele yako lori limeharibika. Walikufikisha hospitali Makandana ukiwa umeshanyamaza. Nilikuja kukuzika, nikaondoka kesho yake. Sikurudi tena.

Mwaka huu mimi na mkeo tumenunua ndege nyingine. Rangi imebabuka, redio ni ya zamani, ila mabawa yake nimeyakagua bati kwa bati. Safari ya kwanza niliwachukua wanao wawili tukaenda kumfuata mama Songwe. Alipapasa bawa, akaliambia "ndaga", kama anayemshukuru mtu. Nilipomwonyesha kiti cha mbele, akapita akakaa nyuma na wajukuu.

"Hapo pana mtu," alisema.

Tulipokuwa juu ya Rungwe nilikusikia, kaka. Ulikuwa unasoma saa za mbele yetu kwa sauti, kama ulivyozoea: mafuta, joto, kasi. Nikakuitikia. Mama, aliyekuwa amevaa vipokea sauti, akauliza, "Anasemaje?"

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamweleza kila kitu, kutu, ubishi wetu, na kwamba uliondoka umenikasirikia.

"Alinipigia asubuhi ile, akiwa Uyole," akasema. "Alirudi kuikagua peke yake, akakuta kutu imeingia ndani. Akamwambia mtu aliyekuja kuinunua baada yenu abadilishe mhimili. Akasema Atu alikuwa sahihi, na atamwambia mwenyewe wakionana."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulizika ukaondoka, mwanangu, na neno la marehemu halisemwi kwenye simu. Ningekuambia lini?"

Sasa najua, lakini bado unakuja. Kila nikipaa upo pale kuliani, unasoma saa, na mimi naitikia. Kwa hiyo kiti nimekiacha wazi, hata mkoba siuweki. Juzi binti yako mkubwa aliniomba akikalie safari ijayo, ajifunze kusoma zile saa. Sijamjibu.

Mpishe, kaka, nimkubalie.

Mdogo wako,
Atupele